Kabla Hujasaini Ruzuku: Ushauri kwa Vikundi vya Mtangawanda na Visiwa Jirani

Fedha za aina nne hupitia gati la Mtangawanda kuingia kisiwani Pate, kaunti ya Lamu, na kikundi kisichozitofautisha hujitia matatani mapema. Ya kwanza ni fidia. Hiyo ni haki ya aliyedhurika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari ya mradi wa miundombinu wa LAPSSET, ambayo iko ng'ambo tu ya Ghuba ya Manda. Hakuna mvuvi anayepaswa kumpigia mtu magoti kwa fidia. Ya pili ni mkopo. Huo ni deni, hata ukitolewa na serikali na hata ukikabidhiwa kwa hundi kubwa mbele ya kamera. Ya tatu ni sadaka na zawadi, ambazo mtoaji huzitoa kwa radhi yake na hadai ripoti.

Ya nne ni ruzuku. Hairudishwi kama mkopo, lakini pia si yako kama zawadi. Umepewa kwa kazi iliyotajwa, kwa muda uliotajwa, na aliyetoa ana haki ya kuuliza ilikwendaje. Wengi wanaogombana na wafadhili waliipokea ruzuku wakidhani ni sadaka. Wengine huiogopa wakidhani ni mkopo uliojificha.

Makala haya yanawahusu wanaoisaka hiyo ya nne: kina mama wanaopanda mikoko, vijana wanaozoa plastiki ufukweni, wavuvi walio katika vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), kamati ya madrasa inayotaka tangi la maji ya mvua. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: ruzuku haijengi kikundi, hukikuta. Kikundi kilichonyooka hukisogeza mbele, na kilichopinda hukivunja. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya fomu na baada ya fedha kwisha. Kujaza fomu ndiyo sehemu nyepesi.

Anzeni na kazi

Mtangawanda ina mfano wake nyumbani. Kikundi cha kina mama wa hapa kinachorudisha mikoko kimejulikana mbali na Lamu, na kimefanya kazi pamoja na Shirika la Misitu la Kenya (KFS), Northern Rangelands Trust na The Nature Conservancy. Mashirika hayo yalikuta watu wanaoujua msitu wao. Hapa boriti zilikuwa biashara kwa karne nyingi. Zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, zikahesabiwa kwa korija, miti 20 kila korija, na zikaitwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, familia zilizotegemea mikoko ziliona chungu kikikosa kupanda jikoni. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hivyo hakuna aliyehitaji semina kuelezwa thamani yake. Aliyekuja na fedha alikuja kuongeza nguvu kwenye ujuzi uliokuwapo.

Hilo ndilo somo kwa kikundi kingine chochote. Kabla ya kumwandikia mfadhili, fanyeni kazi yenu kwa kipimo kidogo na kwa fedha zenu wenyewe, hata kwa miezi sita. Pandeni sehemu moja tu. Zoeni taka ufukwe mmoja kila Ijumaa baada ya sala. Changeni kila wiki, na wekeni daftari la nani alikuja, nani alileta nini, na nini kilifanyika. Pigeni picha mahali palepale, mkisimama palepale, mwezi baada ya mwezi. Siku mfadhili atakapouliza mmefanya nini mpaka sasa, mtamfungulia daftari.

Kuna swali moja la kujiuliza mkiwa bado barazani kwenu: fedha zisipokuja, tutaifanya kazi hii, hata kwa udogo? Jibu likiwa hapana, basi mradi huo si wenu, mmeusikia tu unalipa. Mwaka mmoja wafadhili huzungumza habari za mikoko, mwaka wa pili plastiki, wa tatu vijana na teknolojia. Kikundi kinachobadilisha kazi kila upepo unapogeuka hakitakuwa na kazi hata moja kinachoijua.

Karatasi zinazohitajika

Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kikundi kinahitaji wanachama wasiopungua 10, katiba, kumbukumbu za mkutano wa kukianzisha zinazoonesha viongozi walivyochaguliwa, na nakala za vitambulisho. Usajili hufanyika kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Mashirika makubwa yana sheria yao, ile ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 baada ya kukaa kabatini zaidi ya miaka 10. Kikundi cha kijiji hakina haja ya kukimbilia huko. Mtu akiwaambia lazima muwe shirika kubwa kwanza ndipo mpate fedha, muulizeni ni mfadhili gani aliyesema hivyo, na wapi.

Katiba isinakiliwe kutoka kwa kikundi cha Malindi na kubadilishwa jina tu. Isomeni kwa sauti mkutanoni, kifungu kwa kifungu, mpaka mjue majibu ya mambo manne: viongozi hukaa muda gani, huondolewa vipi, nani hutia saini ya kutoa fedha, na kikundi kikivunjika mali yake itakwenda wapi. Hilo la nne ndilo hurukwa, na ndilo huwafikisha watu kwa chifu. Boti, mashine au tangi lililonunuliwa kwa ruzuku haligawiwi kama urithi.

Watia saini wawe watatu, na wasitoke nyumba moja. Mke, mume na shemeji ni sahihi tatu lakini ni mfuko mmoja. Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, pamoja na namba ya PIN ya kikundi kutoka mamlaka ya kodi, KRA. Tawi la benki liko Lamu mjini, na safari ya boti ina gharama, kwa hiyo wapo watakaopendekeza fedha zipitie kwenye simu ya mwenyekiti kwa urahisi. Kataeni. Urahisi huo huisha siku mwenyekiti anapougua, anapohama au anapobanwa na karo ya mtoto.

Kisha kuna ruhusa. Mikoko ya Kenya imekuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na leo iko chini ya KFS. Kwa hiyo hata kupanda, sembuse kukata, kunataka barua na makubaliano, na njia iliyozoeleka ni kupitia chama cha jamii cha uhifadhi wa misitu. Kazi ya baharini hupitia BMU, ambazo kanuni zake zilitungwa mwaka 2007, na ikigusa eneo la hifadhi ya jamii ya Pate, ongeeni na kamati yake. Barua ya ruhusa iambatishwe kwenye ombi lenu. Mfadhili anayejua kazi yake huitafuta barua hiyo kabla ya kusoma lolote jingine.

Jueni mlango wa kubisha

Si kila mfuko unafaa kila kikundi. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF), unaosimamiwa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP), umekuwapo Kenya tangu 1993 na hutoa ruzuku za mazingira zenye kikomo kwa vikundi vya jamii na mashirika madogo. Kikomo hicho si kiwango cha kawaida. Kikundi kinachoomba mara ya kwanza na kuandika kikomo chote kinajionesha hakikupiga hesabu. Kenya Community Development Foundation, iliyoanza 1997, ni ya Wakenya wenyewe, na hutazama sana jamii imeweka nini mezani. Safaricom Foundation, ya tangu 2003, hupenda mambo ya afya, elimu na kipato ambayo matokeo yake huonekana kwa macho.

Upande wa fedha za umma, mradi wa uvuvi wa KEMFSED, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 100 ulioidhinishwa 2020, ulipitisha fedha kwa vikundi vya kaunti tano za Pwani, Lamu ikiwamo. Mpango wa FLLoCA wa mabadiliko ya tabianchi hupitia serikali za kaunti na kamati za wadi. Fedha za namna hii hazifiki kwa kuandika barua nzuri. Hufika kwa kuhudhuria baraza la wadi siku vipaumbele vinapopangwa. Kikundi kisichokuwa na mtu pale hulalamika baadaye kwamba kisima kilikwenda kijiji kingine. Mteueni mtu mmoja kazi yake ikiwa ni kuhudhuria, na mlipieni nauli.

Halafu kuna mikopo inayovaa kanzu ya ruzuku. Hazina ya Uwezo na Hazina ya Wanawake hutoa mikopo yenye ada ya uendeshaji badala ya riba. Hustler Fund, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilianza na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Katika visiwa vyetu hilo si jambo dogo. Wapo watakaokataa riba kwa sababu ya dini, na wapo watakaosema ni dharura. Lizungumzeni kabla, mbele ya sheikh mnayemwamini mkitaka, kwa sababu mkopo wa kikundi humfunga hata yule ambaye moyo wake haukuridhika. Na aliyeridhika ajue kwamba unalipwa. Maneno ya "hii ni pesa ya serikali tu" yamewafungia mlango wanachama wengi waaminifu.

Mkiambiwa mlipe ada ili fomu yenu isukumwe, ondokeni. Mfadhili wa kweli hatozi fedha za kusoma ombi, wala hatumi kijana wa kukusanya "chai".

Andikeni mnayoyajua

Mapendekezo mengi huandikwa Nairobi au Mombasa na mtu asiyewahi kukanyaga tope la Pate. Yana maneno mazuri, ila anayeyasoma amekwisha kuyaona mahali pengine mara nyingi. Mnayo silaha ambayo mwandishi huyo hana: mnajua kazi inavyokwenda.

Chukueni mfano wa miche 5,000 ya mikoko. Bajeti ya mgeni ina mistari mitatu: viriba, miche, vibarua. Aliyewahi kuifanya kazi hii anajua mengine. Mbegu ya mkoko hukusanywa ikiwa imekomaa, na hazikomai zote kwa siku moja. Siku nyingine mtatoka na dau mrudi na nusu gunia. Mbegu hiyo huweza kuchomekwa wima topeni ikashika bila kupitia kitalu, hivyo mfadhili mjuzi atauliza viriba ni vya nini. Muwe na jibu: pengine mawimbi ya mahali penu hung'oa mbegu changa, au mnaotesha aina nyingine za mikoko, mchu na mlilana, ambazo mbegu zake ni ndogo. Kaa hula miche michanga, hivyo otesheni zaidi ya mnayoahidi. Na kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele, ukikabili bahari, mkoko hufuata, mkandaa na mchu huweza kukaa juu, ambako maji hufika kwa uchache. Fedha nyingi duniani zimezama kwa kupanda mkoko mahali pa mlilana kwa sababu tu mbegu yake ni rahisi kushikwa na kupigwa picha. Andikeni hayo, kwa majina haya haya. Aya moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa tano za "kuwezesha jamii endelevu".

Bajeti iseme ukweli wa kisiwa. Viriba, saruji au nyavu za kivuli zikinunuliwa Lamu mjini au Mombasa, zina nauli ya boti kama abiria, na zikishuka gatini zina gharama ya bodaboda au punda. Mkutano mmoja Lamu ni mafuta, chakula, na huenda ni kulala, kwa sababu boti ya kupitia mkondo wa bahari wa Mkanda husubiri maji. Vikundi huacha gharama hizi nje ili bajeti ionekane nyembamba, kisha mhazini huanza kuchota kwenye fungu la miche kulipia mafuta. Huo ndio mwanzo wa kesi nyingi za "ubadhirifu" ambazo hakuna aliyeiba.

Ratiba nayo ifuate bahari. Fomu hutaka tarehe za kalenda, lakini kazi ya topeni hufuata mwezi. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapo ndipo tope la nje huachwa wazi zaidi maji yakitoka. Upepo wa kusi ukivuma, safari za nje zitapungua. Ramadhani itapunguza saa za kazi, na msimu wa pweza utawavuta watu baharini. Wekeni yote hayo kwenye ratiba tangu mwanzo. Mfadhili hakasirikii ratiba ndefu. Hukasirikia ratiba fupi inayovunjwa kila mwezi.

Mwisho, hesabuni jasho lenu. Wafadhili wengi hutaka jamii ichangie, na kazi ya mikono huhesabiwa. Ikiwa kina mama 20 watatoa siku 10 za kupanda, hizo ni siku 200 za kazi. Zipigieni hesabu kwa kiwango cha kibarua cha kijijini na muziandike kama mchango wenu. Kina mama huzoea kuona kazi yao haina bei kwa kuwa hawalipwi. Ikiandikwa, mfadhili ataona kwamba yeye ndiye anayechangia mradi wao.

Pendekezo likiwa kwa Kiingereza, na mengi huwa, lisomwe kwa Kiswahili kikundini kabla halijatumwa. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuifanya kazi hiyo. Msitie saini ahadi ambayo nusu yenu hawakuielewa.

Fedha zikifika

Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hii haina haja ya kufasiriwa kwa mtu aliyewahi kuwa mhazini. Kuna aibu fulani ya Kipwani katika kudaiana risiti: "Yule ni mjomba wangu, nimuombe risiti?" Muombe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kuandikiana hakumvunjii mtu heshima. Hata msimamizi wa wakfu huweka hesabu, na mali anayoisimamia ni ya Mungu.

Kwa vitendo, wekeni kanuni tatu. Kwanza, anayenunua asiwe anayetunza daftari. Pili, kila malipo yawe na karatasi. Na kama muuza kuni au mwenye punda hana risiti, aandikiwe hati ya malipo na aweke sahihi au alama ya dole gumba mbele ya shahidi. Tatu, kila mwezi hesabu ibandikwe hadharani, msikitini, dukani au gatini: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hesabu iliyobandikwa huzima fitina nyingi kuliko mikutano kumi ya suluhu.

Posho itawapa taabu. Mfadhili mmoja akilipa watu kuhudhuria semina, wa pili asipolipa viti hubaki vitupu. Amueni mapema: nauli na chakula hurudishwa, kukaa kitini hakulipwi. Mtapoteza wanachama wachache mwanzoni, na hao ndio ambao wangewaacha fedha zikiisha.

Someni mkataba mpaka mwisho kabla hamjaanza kutumia. Tafuteni mambo haya: fedha zinakuja kwa awamu ngapi na kwa sharti gani; mnaweza kuhamisha kiasi gani kutoka fungu moja hadi jingine bila idhini; vifaa ni vya nani mradi ukiisha; na ripoti ni lini. Mkitaka kubadilisha kitu, andikeni kuomba kabla ya kutumia. Mfadhili atakubali mara nyingi zaidi kuliko mnavyodhani, lakini hapendi kuyakuta mabadiliko ndani ya ripoti.

Hesabuni kilicho hai

Ripoti nyingi za mikoko husema miche mingapi imepandwa. Idadi hiyo ni ya siku moja tu. Ahidini kurudi baada ya miezi sita na baada ya mwaka kuhesabu iliyo hai, na muweke gharama ya safari hizo kwenye bajeti. Chagueni vipande vichache, wekeni vigingi, hesabuni ndani yake kila mnaporudi. Kanuni ni hiyo hiyo kwa kazi nyingine. Kikundi cha pweza kinachofunga eneo kwa miezi michache, kama ilivyofanyika kisiwani Pate, kipime uzito wa pweza siku ya kufungua. Kamati ya tangi iseme maji yalidumu miezi mingapi ya kiangazi. Semina ya ushonaji ihesabu waliopata wateja, isihesabu waliopata vyeti.

Na mkishindwa, semeni mapema. Miche 3,000 ikifa, kuna sababu: mchanga uliifunika, maji yalituama, mbuzi waliingia. Ripoti inayoeleza kifo cha miche na hatua zilizofuata hujenga imani. Ripoti isiyo na kasoro hata moja humfanya msomaji afunge safari kuja kutazama mwenyewe.

Siku ya baada ya mwisho

Kila ruzuku ina tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani yake, na nyingine hufa kabla ya tarehe hiyo. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilifunga shughuli zake. Kenya yote iliguswa, kuanzia zahanati hadi miradi ya hifadhi. Vikundi vilivyokuwa na mfadhili mmoja tu viliamka asubuhi havina mshahara wa mlinzi. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na hapa hata ndugu hakuwa ndugu.

Swali la "mtaishije baadaye" huwa mwisho wa fomu, na hujibiwa kwa haraka: "Jamii itaendeleza." Jamii gani, kwa fedha gani? Lijibuni kwanza. Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, wana jibu la kusoma. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013 kwenye hekta 117 za mikoko, huuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na msitu, kama tani 3,000 kwa mwaka, chini ya kiwango cha Plan Vivo. Fedha zinazopatikana hulinda msitu na kulipia maji na mahitaji ya shule, na kijiji huketi kuamua matumizi. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Equator. Lakini nyuma yao kuna miaka ya utafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya (KMFRI) na vyuo vya nje. Mtu akija Pate na ahadi ya utajiri wa haraka wa kaboni, muulizeni msitu utapimwa na nani, mkataba ni wa miaka mingapi, na mgawo wa kijiji ni asilimia ngapi. Msitie saini bila wakili na bila KFS kuwepo mezani.

Majibu madogo pia yapo. Tangi la maji linaweza kutoza shilingi chache kwa mtungi, zikawekwa akiba ya ukarabati. Kitalu kinaweza kuuzia miche miradi mingine. Kikundi kinaweza kutenga sehemu ya mapato kila mwezi kwa mzunguko wa kukopeshana bila riba. Na tuna urithi wetu wenyewe. Wakfu umejenga misikiti, visima na madrasa ya Pwani tangu zamani, na sheria ya makamishna wa wakfu ilitungwa Kenya mwaka 1951. Mwenye kuweka wakfu hutaja mali inayozaa, hutaja wa kuisimamia, na masharti yake huheshimiwa baada ya yeye kufa. Nyumba moja ya kupangisha, au minazi iliyowekwa wakfu kwa tangi la kijiji, ingelitunza tangi hilo bila kuandika ripoti kwa mtu wa Washington.

Neno kwa wanaotoa

Wengi wanaotoa ni wetu: watoto wa Pate walioko Mombasa, Nairobi na nchi za Ghuba, wanaotuma michango kupitia makundi ya simu. Nyinyi pia mfuate kanuni mnazowataka wengine wafuate. Tumeni kwenye akaunti ya kikundi, msitume kwa binamu. Ulizeni hesabu kwa upole na kila mara. Toeni fedha za mambo yasiyopigwa picha: mafuta ya boti, mhazini kufunzwa, bomba kukarabatiwa. Na msimtie mtu uongozini kwa sababu tu ndiye anayepokea simu zenu.

Wafadhili wakubwa nao wanaweza kufanya mambo matatu bila gharama kubwa: wapokee maombi kwa Kiswahili, watoe miaka mitatu badala ya miezi tisa, na waje kutazama wakati wa maji kupwa, ili waone tope lenyewe badala ya kuona gati na vitambaa vya kukaribishia wageni.

Kwa kikundi kilichoitwa kutia saini wiki ijayo, ushauri wa mwisho ni huu. Itisheni mkutano wa wanachama wote, si wa kamati peke yake. Someni mkataba kwa Kiswahili. Kisha ulizaneni maswali matatu na kila mtu ajibu kwa sauti: tungeifanya kazi hii bila fedha hizi? Kila mmoja wetu anajua zitatunzwa wapi, na nani atazitunza? Siku ya baada ya mwisho tutasimama na nini? Mkipata ndiyo mbili na jibu moja la wazi, tieni saini na mfanye kazi. Mkikosa hata moja, rudisheni karatasi kwa adabu na mwombe muda wa kujipanga. Mfadhili makini atasubiri. Asiyeweza kusubiri hakuwa amekuja kwa ajili yenu.